Jembe la Generoza

Generoza hakuwa na viatu. Hakuwa na blanketi, hakuwa na sanduku la bati, wala hakuwa na kaka wa kumlipia karo. Alichokuwa nacho ni nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, na shule ilikuwa ifunguliwe Jumatatu.

Asubuhi hiyo alikuwa akitwanga mtama uani kwao, Ushirombo, lori la pamba liliposimama. Utingo akashusha furushi.

"Limetoka kwa Bwana Kamili, fundi wa mitambo mgodini Geita. Jioni tunarudi huko huko."

Generoza akaacha mchi. Huyo ndiye mfadhili aliyetafutiwa na Mwalimu Euphrasia wa shule ya kijijini.

Baba yake, mzee Telesphori, alilifungua furushi taratibu, kama mtu anayehofia nyoka. Likatoka blanketi, kikatoka kitambaa cha sare. Mwisho likatoka jembe jipya. Mzee akalitupa chini.

"Jembe! Kwetu Wasumbwa, mwanamume akileta jembe penye binti, ameleta posa. Huyu fundi anamchumbia mwanangu! Mzigo unarudi jioni."

"Bi harusi!" Paskazia, rafiki wa Generoza, alipaza sauti kutoka ng'ambo ya ua. "Ngoma tunacheza lini?"

Generoza hakucheka. Mtu asiyemjua hata sura amvishe bure? Lazima kuna jambo. Akakimbia hadi kwa mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mbona unahema?"

"Huyo Bwana Kamili ananitaka nini?"

Aliposikia habari ya jembe, mwalimu alijifunga kanga, wakaongozana.

"Baba Generoza," alisema, "jembe hilo ni la shamba la shule. Kila msichana huenda na lake. Mimi ndiye niliyemwagiza. Yeye ni mtu wa Tanga, mila zetu hazijui."

"Na yeye anapata nini?"

"Kamuulize jirani yako Jilala. Binti yake Bernadina alisomeshwa na fundi huyo huyo. Leo ni muuguzi, na mume alimchagua mwenyewe. Ng'ombe wa mahari alipokea nani?"

Mzee akakuna kidevu. Ng'ombe hao walipita mbele ya nyumba yake kila siku, na wote walikuwa wa Jilala.

Mwalimu akamgeukia Generoza. "Ufadhili si posa, wala si deni. Ni mtu kukubebea mzigo uliokushinda, ili nawe ubebe wako, yaani masomo. Anachotaka ni kusikia kwamba unasoma. Kuwa na shaka si kosa, mwanangu. Kosa ni kukataa kabla ya kuuliza. Wewe umeuliza, umefanya vizuri."

"Basi mwandikie huyo fundi barua," baba yake akasema. "Jembe tumelipokea kwa shamba la shule, si kwa mahari. Hilo litangulie!"

Generoza akaandika.

"Sasa mshukuru. Mwambie akipita huku, aje ale kuku."

Jioni ilikuwa imefika, na nje lori lilikwisha piga honi. Generoza akalamba bahasha, akaifunga. Baba yake akaichukua, akaikandamiza tena kwa kiganja, kisha akatoka mbio kumpa utingo mkononi.