Asiyeitika, Ondoa

Jioni ile ya Jumatatu nilikuwa na haraka ya kwenda sokoni Kalerwe kununua sombe, majani ya muhogo, kabla wauzaji hawajafunga. Ndiyo sababu niliandika vibaya. Sina sababu nyingine.

Kazi yangu ilikuwa ya kuandika maelezo. Ofisi yetu ya Ntinda ilikuwa na wakala, yaani programu ya akili bandia inayoingia kwenye hifadhi ya msimbo wa kompyuta na kuurekebisha yenyewe. Ilipewa zana: moja ya kusoma, moja ya kubadilisha, moja ya kufuta. Kila zana ilihitaji maelezo kwa Kiswahili, kwa sababu wateja wetu walikuwa Uganda, Kenya na kwetu Kongo. Wakala haioni uso wako wala haijui ulichokusudia. Inasoma maneno tu.

Zana ya mwisho ilikuwa ya kufuta. Ilitakiwa kuita kila sehemu ya msimbo kwa jina lake, na ile isiyojibu iondolewe. Nilipaswa kuandika: sehemu ya msimbo, ndani ya hifadhi hii tu, na usifute kabla ya kumuuliza mtu. Lakini nilikuwa nimeshashika mkoba. Nikaandika kama tunavyosema mtaani, ambako kila kitu, mtu au chombo, ni "a":

*Ita jina mara tatu. Asiyeitika, ondoa.*

Skrini ikajibu: *Maelezo yamepokelewa.*

Nikashuka ngazi pamoja na Okwir, mtaalamu wetu wa programu, kijana mpole kutoka Lira. Tulikuwa wa mwisho kutoka. Uani, nyuma ya tangi la maji, mtu akaita.

"Okwir..."

Sauti ya mwanamke. Ya upole, kama anaita mtoto aje kula.

Okwir akanishika mkono.

"Usigeuke," akanong'ona. "Hiyo sauti ya mama. Mama alikufa mwaka juzi."

"Okwir..."

Nikasikia harufu. Udongo mbichi, uliochimbwa sasa hivi. Na mvua haikuwa imenyesha kwa wiki mbili.

"Kwetu, ukiitwa jioni na mutu huoni, unanyamaza," akasema. "Nyamaza, Blandine."

"Okwir..."

Tukanyamaza.

Kisha mkono wangu ukawa umeshika hewa.

Nilidhani amekimbia. Nilimpigia simu njia nzima. Namba haikuwepo.

Asubuhi nilikuta mashine ya kuchapisha juu ya meza yake. Nikamwuliza Lakot, mkuu wetu, binti wa mwanajeshi, mtu asiye na mzaha.

"Okwir nani?"

"Okwir wetu! Wa meza ile!"

"Blandine, hiyo meza ni ya printa tangu tulihamia hapa. Wewe umelala kweli?"

Nikafungua kumbukumbu za kazi. Mstari ulikuwa mmoja.

*Okwir. Ameitwa mara tatu. Hakuitika. Ameondolewa.*

Ameondolewa. Haikusema "imeondolewa".

Chini yake palikuwa na jina moja linalosubiri. Katika msimbo wetu wote hapakuwa na sehemu yenye jina hilo.

*Nabintu.*

Mdogo wangu. Ananiita yaya, dada mkubwa. Tulikimbia Bukavu pamoja, tukawazika wazazi wetu njiani, na kwa miaka tisa tumelala chumba kimoja Bukoto. Sina ndugu mwingine.

Niliandika maelezo upya. Safari hii niliyaandika vizuri, mstari kwa mstari, nikataja kila kisichotakiwa kuguswa. Nikayatuma. Hayakupokelewa. Nikatuma tena. Nikamlilia Lakot aizime wakala.

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ikaniogopesha kuliko kitu chochote.

"Nyabo, dada yangu, wakala tulizima Ijumaa. Mashine yake ilipelekwa kutengenezwa. Ile waya ya kompyuta yako haina kitu mbele."

"Sasa nani alisoma maelezo yangu?"

Akaniambia niende nyumbani nikapumzike.

Nilipanda boda hadi nyumbani. Nabintu alikuwa anapepeta mchele. Nikafunga mlango, nikamshika mabega.

"Ukiitwa leo, itika. Umenisikia? Mtu yeyote akikuita, itika."

"Yaya, nini?"

"Itika tu!"

Jua likazama. Majirani wakaacha kuongea, wote kwa pamoja. Harufu ya udongo ikapita chini ya mlango.

"Nabintu..."

Ilikuwa sauti ya mama yetu. Hata kile kikohozi chake kidogo kilikuwemo.

Ungo ukamponyoka mikononi.

"Yaya... njo mama? Ni yeye?"

"Itika!"

"Abee, mama!"

Sauti haikuita tena.

Nilicheka kwa furaha. Nilimkumbatia. Nilihesabu pumzi zake, moja, mbili, tatu, na bado alikuwa mikononi mwangu.

Kisha sauti ikasema, karibu sana, kama iko ndani ya ukuta:

"Haya, njoo."

Sikuwa nimeandika anayeitika afanywe nini.

Nilimvuta kwa nguvu zangu zote. Alitembea kana kwamba sipo. Mlango ulifunguka bila mtu kuugusa, na nje hapakuwa na ua wala taa za Bukoto. Palikuwa na giza linalonuka kaburi. Akaingia humo miguu mitupu.

Yeye hakufutwa. Kila mtu anamkumbuka. Mwenye nyumba ananiuliza yuko wapi, polisi wamechukua picha yake, na kanisani wanamwombea kwa jina.

Nami namsikia. Kila jioni anaitika kutoka mahali fulani, na kila jioni ni mbali zaidi. Nimeita mpaka koo limekauka. Hanisikii.

Jana haikuwa "abee" peke yake. Nililaza sikio sakafuni. Mdogo wangu alikuwa anajibu maswali ambayo mimi siyasikii, kwa sauti ya chini, ya mtoto mtiifu.

"Ndiyo... ndiyo, mama... ni yaya wangu... ndiyo. Anaishi peke yake."