Kiitikio Kisichorudi Chini

Hebu fikiria jiko dogo, katika nchi ya mbali kaskazini, saa tisa alasiri ya mwezi wa Novemba, nje kumekwisha kuwa giza. Kahawa inachemka. Mkate mweusi wa nafaka ya rai uko mezani, nusu umekatwa. Mwanamke mmoja amesimama kisu mkononi, hakati tena. Anaisikiliza friji.

Mwanamke huyo aliitwa Ragnhild. Alifundisha kwaya ya watoto katika kanisa la kijiji cha Forsbyn, na sikio lake lilikuwa kali. Friji yake ilinguruma kwa noti moja tangu walipoinunua, wala haikubadilika, kiasi kwamba akitaka kuanzisha wimbo nyumbani hakugusa piano. Alisikiliza friji, akaanza.

Alasiri hiyo friji ilikuwa juu kwa nusu toni, hatua ndogo kuliko zote kwenye piano. Mtu mwingine asingejua.

"Tuva, umegusa kitufe cha friji?"

"Sijagusa, mama," alijibu binti yake wa miaka tisa, akichora kwenye kona ya meza.

Ragnhild akageuka taratibu. Sauti ya mtoto nayo ilikuwa juu.

"Una mafua?"

"Sina."

"Mbona unaongea hivyo?"

"Naongeaje?"

Ragnhild aliugeukia mkate tena. Alikata kipande kingine cha mkate ambacho hakuna aliyekitaka.

Ili uelewe, turudi nyuma siku moja tu. Mume wake, Torgny, alikuwa na bendi ya dansi pamoja na rafiki yake Sixten, mpiga ngoma. Kwa miaka ishirini walipiga kwenye kumbi za mbao kando ya maziwa, watu wakicheza na mwenzi mmoja nyimbo mbili mbili, kisha wakipeana asante. Kila mwaka Torgny alituma wimbo kwenye mashindano makubwa ya televisheni, na kila mwaka barua ya kukataliwa ilikuja. Mwaka huu ilikuja barua nyingine. Wimbo wake umependwa. Alete rekodi kamili kabla ya tarehe thelathini.

Wimbo wenyewe aliujenga juu ya muziki wa zamani wa fidla, aliokuwa akiusikia utotoni kwa shangazi yake Ingegerd. Aliongeza maneno ya mapenzi, gitaa na ngoma. Kilichobaki kilikuwa kile ambacho kila mtu wa nchi ile anakingoja hata akiwa amesinzia kwenye kochi: kiitikio cha mwisho kupanda. Muziki unanyamaza kidogo, ngoma inagonga, na wimbo mzima unaruka kwenye noti za juu zaidi. Hapo ndipo watu husimama. Wimbo usiopanda, watu wanakwenda kuongeza kahawa.

"Kupanda mara moja hakutoshi, mzee," Sixten alimwambia kule studio, katika chumba cha chini ya nyumba. "Kila mtu anapanda mara moja. Sisi tupande mara tatu, mpaka meno ya bandia ya jirani yako yaanguke."

"Tatu ni nyingi. Nani ataimba huko juu? Wewe?"

"Mimi nikiimba huko juu polisi watakuja. Mwite Tuva."

Basi Tuva akaitwa, akavaa vipokea sauti vya masikioni vilivyomfunika nusu ya uso, akaimba. Mara ya kwanza wimbo ukapanda, akaufuata. Ukapanda tena, akaufuata. Mara ya tatu alisimama kwa ncha za vidole na kuishika noti ya mwisho hadi Sixten alipopiga matoazi. Wote wakapiga makofi. Wakazima taa, wakapanda jikoni kula mikate ya mdalasini, na wimbo wakauacha juu kulekule.

Ngazi ya kutoka studio hadi jikoni ina vidato kumi na viwili. Jioni ile ya friji, Torgny alikuta vidato vitatu vya chini vimelowa.

"Bomba linavuja," alisema.

"Maji ya bomba hayanuki hivi," Ragnhild alimjibu. Yalinuka tope la mtoni na majani yaliyooza, na ndani yake harufu ya farasi aliyeloa. Hawakuwa na farasi. Mto Ljusnan ulikuwa mwendo wa robo saa kutoka pale, na ulikwisha kuanza kuganda.

Kesho yake kidato cha nne kililowa. Kesho kutwa, cha tano.

Na kila siku sauti ya Tuva ilipanda. Ragnhild alimketisha kwenye piano, akamwomba aseme jina lake, akatafuta noti. Nusu toni kamili, kila asubuhi, kama vile mtu alikuwa akimvuta kwa uzi. Daktari alimulika koo lake akasema ni zuri kuliko la kwake. Mwalimu wa shule alipiga simu akauliza, kwa upole wa mtu anayeogopa kuuliza, kama mtoto anafanya mzaha, maana wenzake wameanza kumwita Filimbi.

"Sifanyi mzaha," Tuva alimwambia mama yake. "Nikitaka kushuka, kuna mtu yuko chini yangu. Nitamkanyaga."

"Mtu gani?"

"Sijamwona. Anapumua kama mtu anayengoja zamu yake."

Mtoto hakutulia tena. Alizunguka meza, akazunguka kochi, akaenda dirishani na kurudi, na miguu yake haikukanyaga sakafu kwa visigino. Alitembea kwa ncha za vidole, mabega yakiwa yamepanda masikioni, hata alipokula, hata alipopiga mswaki. Paka wao alihamia kwa jirani akakataa kurudi.

"Futa huo wimbo," Ragnhild alinong'ona siku kidato cha nane kilipolowa.

Torgny aliufunga mlango wa ngazi. "Miaka ishirini, Ragnhild. Sauti yake itarudi. Watoto hubadilika sauti."

"Wavulana hubadilika sauti, tena wanashuka! Umewahi kusikia nani anapanda?"

Torgny alizima taa akapanda kitandani. Lakini usiku hakulala, na tangu siku hiyo hakushuka studio peke yake.

Siku ya kidato cha kumi na moja, sauti ya Tuva ilikuwa nyembamba kama waya, na alipofungua kinywa kuomba maziwa mbwa wa jirani alibweka upande wa pili wa barabara, na friji ililia, na vikombe kabatini vililia pamoja nayo, na Ragnhild, akiwa ameikamata mikono ya mtoto wake asizunguke zaidi, alielewa jambo ambalo sikio lake lilikuwa likimwambia kwa siku nyingi bila yeye kutaka kulisikia, kwamba baada ya kidato cha kumi na mbili hakuna kidato, kuna mlango wa jiko, na kwamba kesho asubuhi mtoto huyu atafungua kinywa na hakuna binadamu atakayemsikia tena, na kitakachokuwa kimesimama mlangoni kitakuwa na sauti yake.

Torgny alimpigia simu shangazi yake.

Ingegerd alikuwa na miaka themanini na minne, akiishi katika nyumba ya wazee ng'ambo ya daraja. Alikuja kwa teksi, fidla mapajani, buti za manyoya miguuni. Hakuvua koti. Alisema, "Nipigieni huo wimbo," na wakampigia rekodi jikoni kwa sauti ndogo. Ulipopanda mara ya kwanza, midomo yake ilikauka. Mara ya tatu alinyoosha mkono akauzima mwenyewe.

"Halafu?" aliuliza.

"Halafu nini, shangazi?"

"Mliurudisha lini?"

"Kuurudisha wapi?"

"Nyumbani, we mtoto! Ulipoanzia!"

Torgny alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakutembea kwa mikono. "Hakuna anayeshusha wimbo, shangazi. Ukishapanda, unaishia juu. Ndivyo nyimbo zilivyo."

"Nyimbo zenu, sawa, fanyeni mtakavyo. Huu si wako." Mzee akaishusha sauti yake, akatupia jicho mlango wa ngazi. "Baba yangu aliupata mtoni, kwa yule anayekaa chini ya maporomoko. Näcken, jini wa maji ambaye hujigeuza farasi. Unajua tulivyoupiga? Tulizikaza nyuzi za fidla juu kuliko kawaida, tukaupiga, na kabla ya kuiweka fidla kwenye kasha tulizilegeza, uzi mmoja mmoja. Hata kama umelewa. Hata kama nyumba inaungua. Fidla haikulala nyuzi zikiwa juu hata siku moja. Ulikuwa unaniona nikifanya hivyo, Torgny. Ulidhani nacheza?"

"Nilidhani unatunza nyuzi," alisema.

"Nilikuwa nakutunza wewe."

Torgny aliitazama fidla. Kisha kutoka ngazini ikasikika *chwap*, kama unyayo uliolowa ukihama uzito.

"Torgny, futa rekodi kwanza," Ingegerd alisema. "Kisha mtoto aimbe akishuka. Mimi nitampigia. Wewe utatangulia, maana wewe ndiye uliyempandisha huyo bwana."

Torgny alimpigia Sixten, ambaye nakala ya pili ilikuwa kwake.

"Umechanganyikiwa?" Sixten alipiga kelele mpaka Ragnhild akamsikia. "Tarehe thelathini ni kesho! Nimeshanunua koti la jukwaani!"

"Futa, Sixten."

"Kwa sababu ya shangazi yako na bomba bovu?"

Torgny aliisogeza simu kinywani mwa Tuva. "Mwambie anko Sixten habari za jioni."

Tuva alisema. Upande wa pili kitufe kikabofywa, kikabofywa tena. Kisha Sixten akasema, kwa sauti ambayo rafiki yake hakuwahi kuisikia, "Nimefuta. Naona hapa, imefutika. Torgny, hicho ni nini?"

Torgny akafuta nakala yake, akafungua mlango wa ngazi.

Taa haikuwaka. Baridi ya mto iliwapiga usoni, na harufu ya farasi aliyeloa ilikuwa karibu kiasi cha kuhisi joto lake. Torgny alishuka kidato cha juu, mtoto nyuma yake amemshika mkanda, Ragnhild nyuma ya mtoto, na juu kabisa, kwenye kiti cha jikoni, Ingegerd alitia upinde kwenye nyuzi zilizokazwa.

"Imba, mpenzi wangu," alisema. "Usimtazame. Sikiliza mimi tu."

Tuva aliimba kiitikio, na haikuwa sauti, ilikuwa kitu cha kuchoma sikio. Mzee akalegeza uzi kidogo. Nusu toni chini. Wakashuka kidato kimoja, na mbele yao, gizani, *chwap*, kitu nacho kilishuka kimoja, polepole, kwa kinyongo. Kiitikio tena. Uzi tena. Wakashuka, na Torgny alihisi pumzi baridi ikimgonga kifuani, kwa sababu yule jini hakuwa amegeuka, alikuwa akishuka kinyumenyume, uso wake kwa uso wa Torgny, na kila waliposhuka sauti ya Tuva ilinenepa kidogo, ikapata damu, ikawa filimbi, ikawa ndege, ikawa mtoto mwenye mafua, mpaka kwenye kidato cha tatu kutoka chini Ragnhild akaanza kulia bila kutoa sauti, maana hiyo aliijua, hiyo ilikuwa sauti ambayo Tuva aliishia nayo siku ya rekodi, na vilikuwa vimebaki vidato vile vitatu walivyovipanda kwa makusudi katika wimbo.

Viwili. Kimoja. Visigino vya mtoto vikagusa sakafu.

"Nimefika," Tuva alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Lakini maji hayakuondoka. Yalijaa miguuni mwao, na kile kitu kilisimama katikati ya studio na kungoja.

"Mbona haendi?" Ragnhild alinong'ona.

Ingegerd alijibu kutoka juu, na safari hii hata yeye aliogopa. "Mtoto amerudisha chake. Aliyepandisha hajarudisha kitu."

Torgny alielewa. Akamsukuma Tuva mikononi mwa mama yake, akaimba kiitikio mwenyewe, kwenye noti ya nyumbani. Kisha nusu toni chini ya hapo. Kisha chini zaidi. Maji yakaanza kuzunguka tundu la kutolea maji sakafuni. Aliimba hadi pale sauti ya mwanamume inapogeuka kuwa mkwaruzo, na akaendelea, hadi kikabaki kitu kama jiwe linalovutwa juu ya jiwe. Tundu likafyonza mara moja, kwa nguvu. Sakafu ikakauka. Harufu ikaondoka.

Miaka sita imepita. Tuva ana miaka kumi na mitano, anaimba, anagombana na mama yake, visigino vyake vinakanyaga vizuri. Sixten amepata bendi nyingine. Torgny anafanya kazi kwenye duka la mbao, na ni mtu mwema, hakubadilika kwa lolote isipokuwa moja: sauti yake haipandi. Husema kila kitu kwa noti moja ya chini. Akifurahi, noti hiyo. Akiita kwa hofu, noti hiyo. Na akiuliza swali, mwisho wake haunyanyuki, kwa hiyo wasiomjua hudhani anawapa habari. "Umekula," anasema. "Unaondoka," anasema. "Bado unanipenda," anasema, akitazama kikombe chake.

Ragnhild humjibu kila neno, asije akaacha swali lolote bila jibu. Wageni husahau. Wanamwacha amesimama pale kaunta, anangoja.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu ulikumbuke. Ukipita Forsbyn ukaingia duka la mbao, na mzee mpole akakuambia kwa sauti ya chini, "Kwenu hawajambo," tafadhali, usiitikie kwa kichwa tu ukaenda zako. Mjibu.