Mimba Aliyoitaka Mama Mkwe

"Mimba ya miezi mingapi?" daktari aliuliza huku akimpaka Batuli jeli ya baridi tumboni.

"Mitano," akadakia Nurdini, mumewe. Alikuwa ameshavuta kiti hadi karibu na kioo cha altrasaundi, anataka kumwona mwanawe.

Batuli akafumba macho. Alijua hakuna mtoto. Alijua tangu Ramadhani, pale kipimo cha duka la dawa kilipotoa mstari mmoja. Lakini hedhi ilikuwa imekata, asubuhi anatapika, miguu imevimba hadi viatu havimwingii. Majirani wa mtaani Miyuji wakasema ni mimba, naye akaitikia. Kliniki akawa anaipiga chenga, mpaka leo Nurdini alipomleta mwenyewe.

Utamlaumu, na una haki. Ila wewe hukuitwa mgumba na mama mkwe mbele ya wageni, kisha ukamwona yeye huyohuyo akishuka kwenye basi la Kondoa na asali na nguo za kichanga, anakuita mwanangu kwa mara ya kwanza.

Dokta Sila alipitisha kipimo tumboni, akarudia. Akakihamishia ubavuni, upande huu na upande ule.

"Mama, humu hakuna mimba," alisema hatimaye. "Na figo zako zote mbili zimesinyaa. Figo hazisinyai kwa wiki moja. Huu ni ugonjwa wa muda mrefu."

Nurdini alisema mashine imekosea. Alisema hivyo mara kadhaa, kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Mashine haikukosea. Presha ilikuwa juu mno, mkojo umejaa protini. Mchana yakaja majibu ya damu: kreatinini, ile taka ambayo figo huichuja, ilikuwa imelundikana kwenye damu. Daktari akawaeleza taratibu kwamba kutapika kule na uvimbe ule vilikuwa vya figo, na kwamba Batuli lazima aanze kusafishwa damu.

"Hujawahi kupimwa popote?" akamuuliza.

Hapo Batuli angeweza kudanganya tena, lakini alikuwa amechoka.

"Nilipimwa zahanati, baada ya Idi. Nesi aliona protini kwenye mkojo, akaniambia nije hospitali haraka. Kurudi nyumbani nikamkuta mama amekuja na nguo za mtoto."

Nurdini akamgeukia.

"Ulijua huna mimba?"

"Nilijua."

Akatoka nje. Simu yake ikaita hapo hapo mlangoni. Alikuwa mama yake, anauliza kama ni wa kiume. Nurdini akamweleza yote, na sauti ya mama ikapenya mlango hadi kitandani kwa Batuli.

"Mrudishe kwao. Nitakutafutia mwenye uzazi."

"Nimekusikia, mama," akajibu Nurdini, akakata simu.

Batuli alipoyasikia hayo akaanza kuvaa hijabu yake. Mumewe aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Nipe tu talaka yangu, Nurdini. Sitakulaumu."

"Mtoto alikuwa anamtaka mama. Mimi nilikuwa na wewe, Batuli. Ulikuwa hulijui hilo?"

Batuli akalia kwa uchungu. Majibu yote ya siku ile hayakumuuma kama hili. Amemaliza figo zake akitafuta kitu ambacho alikuwa nacho nyumbani.

"Utanisamehe?"

"Leo siwezi. Hata kesho sidhani."

Akachukua kalamu ya daktari, akasaini idhini ya mkewe kuwekwa mpira wa shingoni wa kusafishia damu. Akabaki ameinamia karatasi.

"Nina hasira na wewe, na itachukua muda mrefu kuisha. Sasa wewe utaishi mpaka iishe. Umenielewa?"

Batuli aliitikia kwa kichwa. Nesi akaja na kiti cha magurudumu, na Nurdini akamwomba amwachie akisukume mwenyewe.