Wimbo wa Kituo cha Basi

Jumamosi saa sita mchana, baa ya Bi Pruitt pale Nashville ilikuwa imejaa hadi mlangoni. Darla, mhudumu wa pale, alitoka jikoni na sahani nne za kuku wa kukaanga na bamia, akagongana na kijana mrefu mwenye gitaa mgongoni. Bamia zikamwagikia buti zake mpya.

"Pole, kaka! Nitazifuta."

"Ziache," alicheka yule kijana, Wendell. "Tangu nifike mji huu, hakuna aliyenikaribisha kwa chakula."

Kwa miezi mitano wakapendana. Wendell akiimba pale baa, Darla akipita na sinia, gauni lake la maua ya buluu likimpiga magotini, wakikonyezana mpaka Bi Pruitt anafoka, "Darla! Samaki wanapoa!"

Siku moja ya mvua, akiwa amelala kifuani pa Wendell, Darla alimwambia jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Alipokuwa na miaka tisa, mama yake alimwacha kituo cha basi, akasema anakwenda kununua soda. Hakurudi.

Wendell alilia naye.

Jumamosi iliyofuata akapanda stejini, akavua kofia. "Huu ni mpya. Ni wa mpenzi wangu."

Ulikuwa wimbo wa msichana, kituo cha basi na soda. Wateja wakaacha kula. Wanaume wenye ndevu wakajifuta macho. Mama mmoja akamshika Darla mkono. "Ni wewe, mwanangu? Hata barua mama yako hakukuandikia?"

Darla akaweka sinia chini, akakimbilia jikoni. Wendell akamfuata.

"Nimekosa nini, laazizi? Baba yangu aliuimba msiba wa kaka yangu kanisani, mama akiwa amekaa pale mbele. Kwetu ndiyo mapenzi."

"Alimwomba mama yako ruhusa?"

Wendell akaizungusha kofia yake mkononi.

"Nililia kifuani pako. Nikadhani unanisikiliza, kumbe unatunga beti!"

"Darla, kuna mtu wa studio alikuwepo. Anautaka Jumatatu. Miaka saba naimbia watu wanaotafuna."

"Mpe wimbo mwingine. Unazo arobaini."

"Anautaka huu."

"Basi mimi niache."

Jumatatu saa nne asubuhi simu ililia. Darla alikuwa akikata mkate wa mahindi.

"Niko mlangoni pa studio," alisema Wendell. "Sema neno moja tu, nageuka."

"Mbona unataka niseme mimi?"

"Kwa sababu nakupenda."

Darla akafumba macho. Akimwambia rudi, atarudi, na atamlaumu kwa macho maisha yote. Alitaka ageuke mwenyewe.

"Darla? Nakuomba, mama."

Sauti ya mwanamume ikauliza karibu na Wendell, "Uko tayari, kijana?"

Darla alimsikia anavyopumua. Mara moja. Mara mbili. Geuka, aliomba kimoyomoyo. Geuka, Wendell.

"Niko tayari," Wendell alimjibu yule mtu.

Alisahau kukata simu. Darla akasikia mlango ukifungwa, gitaa likitolewa mkobani, nyuzi zikikazwa moja moja. Kisha Wendell akaanza kuimba, na Darla, kisu mkononi, akajua hajawahi kumsikia akiimba vizuri hivyo.