Bahasha za Ngina

Kila Jumamosi saa nane mchana, Ngina alitoa kigoda nyuma ya nyumba, akakiweka karibu na karai la maji ya uvuguvugu, kisha akaita, "Syokau! Kichwa!" Hakuita mara mbili. Siku hiyo moja katika wiki ilikuwa ya nywele: kufumua misuko ya matuta, kuosha kwa shampuu, kusuuza mpaka maji yatoke meupe, kupaka mafuta kidogo kwenye ngozi ya kichwa, kuchana taratibu kuanzia ncha, halafu kusuka upya. Kazi yote ilichukua saa mbili, na Syokau alizihesabu dakika zake moja moja.

Huo ulikuwa mwaka wa 2006. Syokau alikuwa darasa la sita na aliishi na mama yake mtaa wa Mountain View. Ngina alikuwa binti ya dada mkubwa wa mama yake. Alikuja kutoka kijijini kwao Kathiani mwezi wa Januari kusomea ususi katika chuo kimoja katikati ya jiji, akakaribishwa pale nyumbani. Alikuwa msichana wa maneno machache na mikono myepesi. Syokau alimpenda sana. Kilichomchosha ni kigoda.

Basi Juni ilipoingia, Syokau akaanza kupiga chenga. Kwanza alimwomba dada ya rafiki yake Lornah amsuke matuta yaliyokazwa kweli kweli, yasifumuke upesi. Yakakazwa hadi nyusi zikapanda. Kisha kila Jumamosi akawa na lake. Mara kichwa kinauma, mara kuna mazoezi ya shairi, mara ameitwa kwa kina Lornah kuruka kamba. Mama yake alifanya kazi mtaa wa Spring Valley na Jumamosi hakurudi kabla ya saa kumi na moja. Syokau alikuwa akilowesha nywele za mbele, anapaka mafuta mazito juu ya vumbi la wiki nzima, na Mama akiuliza, "Umeoshwa kichwa?" anajibu, "Ndiyo, Mama," bila hata kupepesa macho.

Mchezo huo uliendelea wiki tano. Jumamosi ya sita Ngina alimshika mkono, akamkalisha na kumfumua. Chanuo lilitoka limejaa. Ngina alilitazama lile fungu la nywele kwa muda mrefu, akalikusanya lote, akaingia nalo chumbani.

Kesho yake, wakijiandaa kwenda kanisani, Mama alimgeuza Syokau kuelekea dirishani.

"Ngoja kwanza. Mbona hapa mbele pamebaki wazi? Nywele zimeenda wapi?"

Syokau alijigusa juu ya paji la uso. Ngozi ilikuwa laini, tupu, kutoka sikio hili hadi katikati.

"Zikiendelea kukatika hivi, nitakunyoa zote zianze upya," Mama alisema. "Hatutangoja kichwa kiwe na viraka."

Syokau alihesabu siku kwa vidole. Siku ya wazazi ilikuwa imebaki chini ya wiki mbili, na yeye ndiye aliyechaguliwa kusoma shairi peke yake jukwaani. Asimame mbele ya shule nzima na kipara? Afadhali augue.

Shuleni Jumatatu alimweleza Lornah kila kitu. Karibu kila kitu. Habari za Jumamosi zile tano aliziruka.

"Nani hukuchana?" Lornah aliuliza.

"Ngina."

"Na zile nywele zinazobaki kwa chanuo, yeye hutupa wapi?"

Syokau alikumbuka jinsi Ngina alivyoingia nazo chumbani. Akamkumbuka pia nyanya yake kule Kathiani, ambaye hakuacha hata unywele mmoja uanguke ovyo. Alichoma kila kilichotoka kwenye chanuo, maana, alisema, mwenye roho mbaya akizipata nywele zako amekupata wewe mzima.

"Aki Syokau, chunga," Lornah alisema, akipunguza sauti. "Mtu hawezi weka nywele zako bure."

Tangu saa hiyo Syokau hakumwondolea Ngina macho. Na ukishaanza kumshuku mtu, hata anavyofunga mlango huwa na maana. Kwa nini Ngina alikuwa akimtazama kichwani wakila? Kwa nini alifunga begi lake upesi kila Syokau alipoingia? Jumanne jioni, akipita nje ya chumba, alimsikia Ngina akiongea kwa simu kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, ni za Syokau. Zimetoka nyingi kuliko siku zote. Jumamosi nitakuletea."

Syokau aliusogelea mlango. Atamletea nani? Nywele zake zinapelekwa wapi?

Jumatano alirudi kutoka shuleni mapema na kuingia chumbani. Alifungua begi la Ngina. Chini ya nguo kulikuwa na mkebe wa biskuti, na ndani ya mkebe mlikuwa na bahasha ndogo zilizopangwa vizuri. Alifungua moja. Ilikuwa na nywele. Akafungua nyingine, nywele. Na juu ya kila bahasha kulikuwa na jina lake na tarehe.

Mama alipoingia mlangoni jioni, mkebe ulikuwa mezani na Syokau analia. Mama alizitazama bahasha, akakaa chini pole pole.

"Ngina! Njoo hapa. Nywele za mtoto wangu zinatafuta nini kwa begi lako?"

Ngina alisimama, uso umempauka. "Ni kazi ya chuo, Aunti. Mwalimu wetu alitwambia kila mtu afuatilie kichwa kimoja mwaka mzima, ahifadhi nywele zinazotoka kila wiki."

"Kazi ya kuficha nywele za watu?"

"Sikuficha kwa ubaya, Aunti. Nilijua mkiziona mtaogopa."

Mama alitikisa kichwa. Naye alilelewa na nyanya yule yule wa Kathiani. "Jumamosi nitaomba ruhusa kazini, tuende sote kwa huyo mwalimu. Kama hajui habari hizi, utarudi kwenu siku hiyo hiyo. Masomo yatakuwa yameisha."

Jumamosi asubuhi Ngina alishuka nao mjini akiwa amebeba begi lake, nguo zake zote ndani.

Chuo kilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa karibu na Mtaa wa Biashara. Mwalimu alikuwa mama wa makamo aitwaye Prabha, mwenye miwani minene na msuko mmoja wa mvi uliomfika kiunoni. Alipoona mkebe, alitabasamu.

"Kumbe wewe ndiye Syokau! Nimezijua nywele zako kabla sijakuona sura. Ngina, bahasha zako ndizo safi kuliko za darasa zima."

Mama alishusha pumzi. Lakini macho yake bado yalikuwa makali. "Kama kazi yake ni safi, Mwalimu, mbona mtoto anaota kipara?"

"Tutaziuliza bahasha."

Mwalimu Prabha alitandika karatasi nyeupe mezani. Kutoka bahasha ya Januari alitoa unywele mmoja mrefu. "Tazama, una kichwa kidogo cheupe upande huu. Huu umetoka na mzizi wake kwa sababu muda wake umefika. Kila mtu hupoteza nywele za aina hii." Kisha akamimina bahasha ya mwisho, iliyokuwa imevimba. Vilianguka vipande vifupi, vikavu, vimeshikana na uchafu na mafuta. "Hivi havina mzizi. Vimekatika. Na hizi chache ndefu zimeng'olewa na matuta ya kukazwa. Kichwa hiki kilikuwa hakijaoshwa siku nyingi."

"Haiwezekani," Mama alisema. "Huoshwa kila Jumamosi."

Mwalimu alianza kuzipanga bahasha kwa tarehe, moja baada ya nyingine. Kutoka Januari kumi na nne hadi Mei ishirini na saba hakukosekana Jumamosi hata moja. Bahasha ishirini, zote nyembamba. Ya ishirini na moja, ile iliyovimba, iliandikwa Julai nane.

"Na Juni iko wapi?" aliuliza.

Syokau alimtazama Ngina. Neno moja tu lilitosha kumwokoa Syokau: aseme kwamba Ngina alikataa kumwosha. Ngina angebishana na nani? Alikuwa amesimama pale, ameshika mshipi wa begi lake, kama mtu aliyekwisha kuaga. Aibu ikampanda Syokau hadi masikioni.

"Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Nilikuwa natoroka. Nilikudanganya, Mama. Ngina aliniita kila Jumamosi."

Mama hakumgombeza. Alimgeukia Ngina kwanza.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa tayari kukurudisha nyumbani. Lakini mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kuonekana mchongezi, Aunti. Nyumba ni yenu."

"Ni yako pia," Mama alisema, akampokea begi. "Siku nyingine uniambie."

"Zitaota tena, Mwalimu?" Syokau aliuliza kwa sauti ndogo. "Ama ninyolewe?"

"Zitaota. Usinyolewe. Matuta yawe mapana na yasikazwe, na kichwa kioshwe kila wiki, uwe na shughuli au usiwe nayo. Mimi nilipokuwa mdogo mama yangu alinikalisha kila Jumapili, na nilikuwa nalia kama wewe. Nywele hazitaki maajabu, Syokau. Zinataka siku yao, na wewe uwepo."

Siku ya wazazi Syokau alipanda jukwaani na matuta sita mapana, paji la uso bado wazi. Mtoto mmoja wa darasa la nne alicheka. Syokau alilisoma shairi lake hadi mwisho, na Ngina, aliyekaa kando ya Mama, akapiga makofi kuliko wote.

Kesho yake, Jumamosi, kabla ya saa nane, kigoda kilikuwa tayari nje na maji yamepashwa.

"Ngina!" Syokau aliita. "Kichwa!"

Ilipofika Septemba, nywele fupi zilikuwa zimejaa juu ya paji lake. Jumamosi moja Mama alipewa ruhusa kazini, akaketi mlangoni akiwatazama. Syokau alikusanya nywele zilizobaki kwenye chanuo, akazitia katika bahasha na kuandika tarehe kwa mkono wake mwenyewe. Mama aliichukua, akaipima kiganjani.

"Nyembamba," alisema. "Sasa sikia, Syokau. Ulimtafuta mchawi wiki nzima, na kumbe lililokuharibia ni uvivu wako na uongo ulionipa. Tena ulikaribia kumfukuzisha aliyekuwa akikutunza. Siku nyingine jambo likiharibika, jiulize kwanza wewe umefanya nini."

"Nimesikia, Mama," Syokau alisema. Akaichukua bahasha, akaitia mkebeni, akamkabidhi Ngina.