Gauni Jekundu Mbele ya Skrini

"Hebu mwangalie mdogo wangu! Huyu ni bibi harusi au mtu anayetaka kutapika?"

Duka la kuchapa picha lilikuwa limefurika wateja, na wote waligeuka. Mpiga picha alisimama kaunta, kavaa gauni jekundu kama kawaida yake, akitandaza picha alizopiga kwenye harusi ya mdogo wake, zenye nyuso za kijani. Albamu ilitakiwa ifike kwa wakwe Jumamosi.

Fundi wa kuchapa akazitazama, kisha akamtazama mwenyewe, na huko akakawia zaidi.

"Mashine yangu haina kosa, dada. Skrini ya kompyuta unayorekebishia picha ndiyo inayokudanganya."

"Basi njoo uiambie mwenyewe!"

Akaja studio kweli. Alining'iniza kifaa cha kupimia rangi kwenye skrini, kikasoma nyekundu, kijani, buluu na kijivu zikipita moja moja, nao wamekaa bega kwa bega wakitaniana. Rangi zikasawazishwa. Jioni walipigiana simu mpaka chaji ikaisha, na "dada" ikawa "mpenzi".

Picha mpya zikachapwa. Kijani kilekile.

"Umenipotezea muda!" mpiga picha alifoka kwenye simu. "Njoo uone ulichofanya!"

Fundi alifika mbio. Alimkuta mbele ya skrini, kando ya dirisha, jua limempiga kifuani. Akaelewa papo hapo, akaropoka: "Kavae nguo nyingine. Usikae hapa na gauni hilo."

Damu ilimchemka mpiga picha. Mwanaume aliyeachana naye mwaka jana alianza kwa kumkataza magauni, akaingilia simu, akamalizia na marafiki.

"Toka! Sikukuita unichagulie nguo!"

"Mpenzi, si hivyo..."

Mlango ukabamizwa. Simu iliita na kuita, hakupokea. Kisha, kwa kutaka kumuumbua tu kwamba gauni halina kosa, alichukua shuka la kijivu la studio, akajifunika mpaka shingoni, akaketi palepale. Uso wa bibi harusi ukawa kijani mbele ya macho yake. Akalishusha shuka, uso ukapona. Kumbe jua lilipiga gauni, wekundu ukarukia kwenye kioo cha skrini, naye siku zote alikuwa akiupunguza wekundu ambao haukuwemo kwenye picha.

Hasira zikazidi maradufu. Akampigia simu.

"Kwa nini hukunieleza?"

"Si ulinifukuza?"

"Ulianza na amri! Ungeanza na sababu!"

"Kweli. Nilikuamrisha. Nisamehe."

Mpiga picha alikata simu, akairekebisha albamu yote akiwa ndani ya shuka.

Ijumaa aliifuata dukani. Nyuso zilikuwa za kahawia, zenye uhai. Juu ya albamu palikuwa na koti la kijivu lililokunjwa.

"La kazini tu," fundi akasema. "Siku nikija kwenu kuposa, nataka uvae hilo jekundu."

"Unataka?"

"Naomba."

Alimkazia macho mpaka foleni ikaanza kunung'unika.

"Nitalivaa," akasema, bado amenuna. "Ila si kwa sababu umeomba."