Kitako cha Bunduki ya Ogola

Bunduki ilianza kunuka kiboko siku ileile ilipokatwa. Si mafuta wala baruti, la. Matope na ngozi mbichi, ndani ya nyumba ya Kaloleni, mchana kweupe. Beldina aliisikia harufu, akaendelea kuchochea moto. Tangu amzike mumewe Ogola, moyo wake ulikuwa umekufa ganzi. Hata angemwagikiwa maji ya moto, asingesema uwi.

Bunduki ilikuwa ya Ogola. Alifukuza viboko mashambani mwa mpunga kwa kibali cha serikali, mpaka mwaka ule wa themanini na sita kiboko mmoja akamgeuzia kibao, akamuua. Matanga hayajafungwa, mdogo wake Oketch akahamia pale, akarithi kibali na bunduki, na macho yake yakaanza kumrithi mjane. Ila Ogola alikuwa mtu wa kuinama mlangoni, Oketch mfupi. Kitako hakikumkaa begani, na kila alipofyatua, bunduki ilimpiga teke hadi bega likavimba.

"Shemeji, napeleka hii kitu kwa fundi ikatwe."

"Kitu ya marehemu haikatwi kabla matanga ifungwe. Wewe unajua."

"Maneno ya wazee hayo. Bega ni yangu."

Haya basi! Fundi Jaswinder alimpima kutoka kiwiko hadi kidole, akapitisha msumeno, akabandika mpira laini mahali pa bega, akapaka vanishi. Kazi safi, hakuna ubishi. Kipande kilichokatwa Oketch alikileta nyumbani, akakitupa penye kuni. Beldina alikisukuma motoni bila kufikiri, akampikia ugali.

Oketch alikuwa bado ananawa mikono baada ya kula, mlangoni kukasikika ko, ko, mbao ikigongwa kizingitini. Ndivyo Ogola alivyokuwa akikung'uta matope kwenye kitako, kisha akiita, "Nyar Asembo, nimerudi!" Oketch hakuwahi kumwita Beldina hivyo, binti wa Asembo. Beldina alichungulia nje. Hapakuwa na mtu, na bunduki ilikuwa palepale pembeni.

"Umesikia?" Oketch alinong'ona.

"Nimesikia."

"Shemeji, bega yangu haisikii kitu. Hebu nifinye."

Alimfinya mpaka damu ikatoka. Oketch hakushtuka.

Asubuhi ganzi ilikuwa imeshuka hadi vidoleni na kupanda shingoni, na ile harufu ya kiboko sasa ilitoka kinywani mwake kila alipopumua, na kizingiti kikawa kinagongwa mvua ikinyesha na jua likiwaka, hadi Oketch akalia kwa jicho moja tu, kwani la pili lilikuwa limesahau kulia.

Beldina alimwita Dorca, mama wa maombi kutoka Nyalenda, akaja na kanzu yake nyeupe na kengele. Alinusa mara moja tu.

"Huyu ni jachien, mzimu wa mtu aliyeonewa," alinong'ona. "Hataki vita. Anataka kipimo chake. Leteni kile kipande, kirudishwe kwa kitako, ataenda. Ganzi ikifika moyo, mmepoteza huyu kijana."

Oketch aligeuza lile jicho moja. "Shemeji, kipande iko wapi? Harakisha, nakufa!"

"Nilipikia ugali."

Dorca akaweka kengele chini. "Nani alikula?"

"Yeye tu. Mimi tangu mazishi ni chai tu."

"Mungu wangu," Dorca akasema. "Basi yuko ndani." Akaondoka bila kufunga mlango.

Kugonga kukakoma. Oketch alishusha pumzi ndefu, kisha akainuka, akaichukua bunduki na kuiweka begani, na mkono ule mfupi ukahangaika kama mtu aliyevaa shati la mtoto. Aliubonyeza ule mpira kwa kidole, akasonya.

"Nyar Asembo," akasema kwa sauti nzito. "Nani amekata bunduki yangu?"

Beldina alihisi moyo ukimdunda, mara ya kwanza tangu mazishi, na haikuwa hofu.

"Ndugu yako," akajibu, akamsogezea kiti. "Kaa, baba."

Akaenda jikoni, akapakua sahani mbili.